Kiganja Juu ya Spika

Tarehe 11 Machi

Kitindamimba wangu,

Huku wazima, na asiye mzima atajisemea mwenyewe.

Mama yako ameniambia ulipiga simu Jumapili ukanitaka. Nilikuwepo, nimekaa palepale kwenye kiti changu. Sikuja kwa sababu simu mimi siiheshimu. Simu inamkaba mtu koo mpaka anakuwa kama nzi ndani ya chupa. Mtu aliyelishwa na sikio lake maisha yake yote hawezi uzeeni kulishwa makapi. Ukiwa na neno, andika. Darasa la nne langu linatosha. Herufi zangu zimepinda lakini zinafika.

Nasikia unatengeneza mashine ya kutambua mawimbi. Nimecheka. Hiyo kazi nimeifanya mimi pale kituo cha kunasa mawimbi ya redio kabla hujaota jino, na hao waliokuja na vyeti virefu kama mkeka walikuwa wakivaa hedifoni wanasikia mvua kwenye bati. Mimi nasikia mtu na jina lake. Ndiyo maana wakaniita Sikio. Sikujiita.

Mawimbi hayo majina niliyapa mimi, na wewe uliyajua ukiwa bado unanyonya kidole. Kigugumizi, anawaka anazima, anawaka anazima. Mapacha, sauti mbili zinapokezana kama wake wenza kwenye ugomvi. Kinanda, sauti nyingi zinapanda na kushuka. Halafu Kigeugeu. Huyo sauti yake ni moja, haipandi haishuki, ila njiani hugeuka ghafla kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Na Kigeugeu wako wa namna mbili. Yupo Kigeugeu Wawili, anayegeuka mbele na nyuma tu, na yupo Kigeugeu Wanne, anayegeuka pande zote nne. Hapo ndipo wasomi wote walipokwama. Ukikosea aina, ujumbe haufunguki hata uulalie mwaka mzima. Ni sawa na kuchukua ufunguo wa kabati ukafungulie mlango wa choo.

Unataka niifundishe mashine yako? Nitaifundisha. Ila iitwe Sikio. Hilo ndilo sharti langu na sina lingine.

Ni mimi baba yako,
Sikio la Kituo


Tarehe 20 Machi

Baba, shikamoo.

Nimesoma barua yako mezani kwangu kazini nikacheka peke yangu hadi Mkuu wa Kitengo, yule ninayekusimulia kwamba hata joto liwe vipi hafungui tai, akaja kuuliza kulikoni. Nikamwambia baba amekubali.

Nikueleze jinsi ilivyo. Mashine haijui kitu mpaka ifundishwe. Tunaipa sauti nyingi tulizozinasa hewani, na kila sauti lazima mtu anayejua awe ameshaitaja jina lake. Hili ni Kigugumizi, hili ni Mapacha. Mashine inasikiliza, inaangalia jina, mpaka nayo inaanza kujua. Ikifundishwa vizuri itafanya kwa kufumba na kufumbua kazi ya chumba kizima. Ikifundishwa vibaya itakosea kwa kasi hiyohiyo.

Bwana Tai alitaka tutumie mawimbi ya kutengeneza kwenye kompyuta, masafi, ambayo majina yake yanajulikana tangu mwanzo. Nikabisha mbele ya watu. Nikasema hewa halisi ina uchafu, ina radi, ina mota za watu, na kuna mtu mmoja tu ninayemjua anayeweza kutenganisha wimbi na takataka. Akaniambia, "Haya. Lakini likiharibika ni lako." Nikasema ni langu.

Kwa hiyo nakutumia kisanduku. Ukibonyeza kitufe kikubwa, sauti inalia. Kisha unachagua jina, kila jina lina kitufe chake. Cha mwisho, chekundu, kimeandikwa SIJUI. Baba, tafadhali kitumie hicho. Ukiwa na shaka hata kidogo, bonyeza SIJUI tuendelee. Si aibu. Mashine haiumizwi na sijui, inaumizwa na uongo.

Na vaa hizo hedifoni nilizoweka ndani. Zile aina mbili za Kigeugeu zinafanana sana, spika ya kawaida haitoshi.

Nitapiga Jumapili. Pokea mara moja tu nikusikie.

Binti yako,
Kitindamimba


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Kisanduku chako hicho kinarudi. Kazi imekwisha. Wewe ulidhani nitamaliza lini, nikiwa kaburini?

Hedifoni nimekurudishia ndani ya boksi lake, sikuzifungua. Hizo ni za watoto wanaojifunza. Fundi wa kweli anasikiliza na mwili wake. Nilikiunga kisanduku na spika yangu ya zamani, ile ya mbao niliyoagwa nayo kazini, nikaweka kiganja juu yake, nikafumba macho. Kigugumizi anakugonga kama mgeni mlangoni. Mapacha wanakutekenya, mmoja mnene mmoja mwembamba. Kinanda anakutembelea vidoleni. Na Kigeugeu anapita laini, laini, kama mgongo wa paka. Mama yako alikuja kusimama pale ananitazama kama sinema. Nikamwambia, unaona mumeo?

Kitufe chako cha SIJUI nimekibandika plasta. Kilikuwa kinanikera kunikodolea jicho jekundu. Toka nizaliwe sijawahi kusema neno hilo kwenye kazi na sitaanza leo kwa kuagizwa na mtoto niliyemfundisha kusimama.

Ulisema kitu kuhusu simu. Nimeshakujibu.

Habari nyingine hakuna. Birika la chai limeharibika, halipigi tena mluzi, limeunguza maji mara mbili. Ndege waliokuwa wanatupigia kelele kwenye ukuta wa nyuma wamehama wote, sijui wameudhiwa na nani. Na watu wa siku hizi wamejifunza kumumunya maneno. Hata mama yako. Zamani alikuwa na sauti ya kuita mtu toka barabara ya pili, sasa anaongea kama anaomba dua.

Fundisha mashine yako. Ikishindwa, si mwalimu.

Baba yako,
Sikio la Kituo


Tarehe 15 Mei

Baba, shikamoo sana.

Keti kwanza. Imefaulu.

Tulifanya hivi. Sehemu ya majibu yako tuliificha mashine isiione. Ilipomaliza kujifunza tukaipa zile sauti zilizobaki, tukasema haya, taja majina. Kisha tukalinganisha na ulivyojibu wewe. Baba, ilijibu kama wewe! Karibu kila moja! Watu walipiga makofi. Bwana Tai alikuja, mikono mfukoni, akaniambia, "Mzee wako hana hata sijui moja?" Nikamwambia neno hilo kwa baba yangu ni chungu kuliko shubiri. Akacheka, mara ya kwanza toka nimjue.

Nimeweka kibandiko mbele ya mashine. SIKIO. Kwa herufi kubwa.

Mwezi ujao inaanza kazi ya kweli. Kuna wimbi linaloingilia redio za magari ya wagonjwa, dereva anaelekezwa mtaa, katikati ya maneno inaingia kelele. Hakuna anayejua linatoka wapi. Tukijua aina yake, tutajua ni chombo cha namna gani, na tukijua chombo tutampata mwenyewe.

Binti yako mwenye furaha,
Kitindamimba


Tarehe 28 Mei

Kitindamimba,

Nimeisoma barua kwa fundi cherehani, kwa muuza mkaa, na kwa yule jirani wa mlango wa bluu anayejifanya amesoma. Yeye nimemsomea mara mbili.

Mwambie huyo Bwana Tai: mtoto wa nyoka ni nyoka, na mashine ya Sikio ni Sikio. Nitumie picha ya hicho kibandiko, kikubwa, nitundike sebuleni pale ilipo kalenda.

Magari ya wagonjwa hayo mwachie Sikio. Sisi hatukosei.

Baba yako,
Sikio Mkubwa (sasa kuna mdogo)


Tarehe 9 Julai

Baba, shikamoo.

Nimekaa na karatasi hii siku nzima.

Mashine ilisikiliza lile wimbi ikasema Kigeugeu Wawili. Haikusita. Eneo lile lina mtu mmoja tu mwenye redio za aina hiyo, karakana ya malori ya mizigo nyuma ya stendi. Tukaenda na askari. Mwenye karakana alikuwa anakula, mkono bado una mafuta, anatuambia, "Dada, redio zangu zina kibali, nini kosa?" Tukazifunga kwa lakiri. Malori yake matatu yalikuwa njiani, madereva hawakuweza kumpata tena.

Kelele haikukoma. Wiki iliyofuata gari la wagonjwa lilitumwa kwa mzee mmoja aliyeanguka bafuni. Jina la mtaa lilimezwa na kelele, dereva akaenda mtaa mwingine. Mzee alilala sakafuni mpaka jirani alipompakia kwenye gari la mboga. Yuko hai. Upande mmoja wa mwili haumtii tena.

Wimbi lilikuwa la mita za maji, Baba. Zile mpya za kwenye matangi, zinazotuma hesabu zenyewe. Na halikuwa Kigeugeu Wawili. Lilikuwa Kigeugeu Wanne.

Nilizitoa sauti zote ulizozipa majina. Nikavaa hedifoni nikaanza kuzisikiliza upya moja moja. Kigugumizi umepatia. Mapacha umepatia, isipokuwa wale wa kasi. Kinanda hivyohivyo. Lakini Vigeugeu wote, Baba, wote umewaita Wawili. Hakuna Wanne hata mmoja. Na mle ndani wamejaa.

Ndiyo sababu ilifaulu ule mtihani. Tuliipima kwa majibu yako yaleyale.

Sikulaumu. Nataka tu kujua ulisikilizaje. Kulikuwa na kelele nyumbani? Spika ile ina kasoro? Niambie chochote.

Binti yako,
Kitindamimba


Tarehe 17 Julai

Wewe mtoto,

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Kumbe nimekusomesha uje unisingizie mimi!

Mimi nilikuwa natenganisha Wawili na Wanne huku nakula, kijiko mdomoni, na chumba kizima kinabishana. Siku ile wakubwa walipokuja kukagua kituo, wote walisema Wawili, mimi peke yangu nikasema Wanne, na ujumbe ukafunguka. Muulize yeyote aliyebaki hai. Leo binti aliyekuwa ananiletea viatu ananiuliza nilisikilizaje!

Spika yangu haina kasoro. Nyumba yangu haina kelele, iko kimya kuliko msikiti mchana. Tafuta kosa kwenye nyaya zako. Tafuta kwa huyo Bwana Tai, ambaye toka mwanzo hakutaka. Usilitafute kwangu.

Huyo mzee wa bafuni pole yake. Lakini mimi sikumwangusha.

Sikio la Kituo


Tarehe 4 Agosti

Baba, shikamoo.

Nilipokuja wiki iliyopita sikuwaarifu, na nilipoondoka sikusema nilichojia, kwa sababu ya macho ya Mama. Acha niseme sasa.

Nilibisha hodi mara nyingi. Mlango ulikuwa wazi nikaingia. Ulikuwa jikoni, umenipa mgongo, unakata mkate. Nikasema, "Baba." Nikasema tena, "Baba." Nikaita kwa nguvu kama ninavyoita mtu ng'ambo ya barabara. Birika lilikuwa linapiga mluzi pembeni yako, Baba, linalia mpaka kifuniko kinaruka, na wewe unapaka siagi. Nje ukutani ndege walikuwa wengi hivi kwamba nilitaka kuziba masikio.

Kisha nikakanyaga ule ubao uliolegea mlangoni. Hapo ukageuka, ukatabasamu, ukasema, "Nilikusikia toka getini."

Mama alikuwa nyuma yangu. Akanishika kiwiko, akatikisa kichwa. Chakula chote kile nilikuwa natazama jinsi anavyojiweka mbele ya uso wako kila anapotaka kukwambia kitu. Hamumunyi maneno. Anakuumbia maneno kwa midomo uyasome. Tangu lini, sijui, na yeye hataki kusema.

Sasa nisikilize. Yaani, nisome.

Kuna kamati. Hawasemi kwamba wewe ulikosea. Wanasema wewe hukufanya kabisa. Wanasema hakuna mtu duniani anayeweza kujibu sauti zote zile bila kubonyeza SIJUI hata mara moja, na wameona alama za gundi ya plasta kwenye kile kitufe. Wanasema nilikaa mezani nikabonyeza mwenyewe ovyo, kuwahi, nikaweka jina la baba yangu mbele kwa kujikinga. Hilo si kosa la kazi, ni udanganyifu. Mwenye karakana ameshashtaki.

Kuna njia moja. Uende hospitali upimwe masikio, karatasi ya daktari ije hapa. Au uje mwenyewe, ukae mbele yao useme: nilifanya mimi, kwa kiganja, na kiganja hakifiki kwa Kigeugeu. Hakuna atakayekucheka. Masikio huzeeka kama magoti. Wataona ni kosa, si uongo, na kosa husamehewa.

Wanakaa tarehe 20. Sijakuomba kitu toka ulipolipa nauli yangu ya kwanza kwenda shule. Hiki nakuomba.

Kitindamimba wako


Tarehe 12 Agosti

Mwanangu,

Nimesoma. Nimekunja. Nimefungua nikasoma tena.

Unakuja nyumbani kwangu kwa kunyata kama mwizi, unasimama nyuma yangu unanifanyia mtihani, halafu unakula chakula changu. Hiyo ndiyo elimu?

Birika nilikuwa naliachia makusudi lichemke sawasawa. Nawe nilikusikia. Mtu halazimiki kugeuka kila anapoitwa ndani ya nyumba yake.

Hospitali siendi. Niende nikakae foleni na vikongwe, kijana anichokonoe sikio, aniandikie cheti kwamba Sikio si sikio? Wale wa kituoni wakisome? Jirani wa mlango wa bluu akisome? Bora mnizike.

Lakini usidhani nitakuacha. Damu ni damu. Hao wanaokusingizia nitawanyamazisha mimi mwenyewe. Nimemwandikia Bwana Tai, barua imeshaondoka na basi la asubuhi. Mama yako alitaka kuishika nikamkatalia. Anamjua mwanawe, lakini mambo ya kazi hayajui.

Tulia. Baba yako yupo.

Sikio la Kituo


Tarehe 12 Agosti

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Mawimbi,

Bwana mkubwa, salamu.

Mimi ndiye Sikio. Ulikuwa hujaajiriwa nilipokuwa nasifika hapo.

Nasikia mnamsumbua binti yangu kwa ajili ya majibu. Nasema hivi, na mzee hasemi uongo: mimi sikio langu ni zima kama siku niliyozaliwa. Kila Kigeugeu Wawili nilimjua na kila Kigeugeu Wanne nilimjua, na nilichobonyeza kilikuwa sahihi chote, toka cha kwanza mpaka cha mwisho. Kisanduku kilipotoka mikononi mwangu hakikuwa na kosa hata moja. Kama mmekuta kosa ndani yake, limeingia baada ya hapo, kwa mkono mwingine, na huo mkono mtafuteni hukohuko kwenu.

Binti yangu ni msomi na mwaminifu. Msimwonee.

Sikio, mstaafu


Tarehe 1 Septemba

Baba,

Barua yako ilisomwa mbele ya kamati kwa sauti. Bwana Tai aliisoma polepole. Alipofika kwenye "mkono mwingine" akaiweka mezani akanitazama, na nadhani hata yeye alikuwa na huruma.

Waliniuliza: kisanduku kilipotoka kwa mzee kilipita mikononi mwa nani? Nikasema, mwangu. Peke yako? Peke yangu.

Barua zako ninazo zote kwenye droo. Ile ya Aprili ninayo, ya kiganja na plasta. Ningeitoa, ningetoka pale na kazi yangu, na kila mtu kituoni angejua kwamba Sikio amewaandikia uongo. Siku ile ilikuwa ndani ya mkoba wangu, mkono wangu ulikuwa juu yake. Sikuitoa. Usinishukuru. Nilitaka useme wewe.

Nimefukuzwa. Mwenye karakana atalipwa, na mimi nimeandikiwa kwamba nisiajiriwe tena kwenye kazi ya mawimbi. Mashine imefutwa kichwani, inafundishwa upya kwa yale mawimbi masafi ya kompyuta. Kibandiko kiling'olewa kwa kisu. Sikukutumia ile picha, na sasa hakuna cha kupiga.

Mimi sitaandika tena. Nimeandika vya kutosha. Nitapiga simu, kila Jumapili saa nne, kama zamani. Ukitaka kunisikia, pokea.

Binti yako


Tarehe 23 Novemba

Mwanangu,

Wazima sisi.

Barua yako ya mwisho ilikuwa na maneno makali lakini mimi si mtu wa kuweka kinyongo na mtoto. Nimekuandikia mbili toka hapo na hazikujibiwa. Posta za siku hizi ni mbovu.

Hapa watu wananiuliza Sikio mdogo anaendeleaje. Nawaambia anachapa kazi. Yule wa mlango wa bluu ameniuliza mara nyingi, anataka nimwonyeshe picha. Siku hizi napitia njia ya nyuma.

Mama yako hanikalii tena mbele ya uso. Anaongea huku anafagia, huku anaosha, amenipa kisogo. Sijui anasema nini na simuulizi.

Anasema unapiga kila Jumapili. Alinionyesha kwa vidole, nne, na akashika sikio lake. Anapokea yeye, anakaa na hiyo simu muda mrefu, halafu anakwenda chumbani anafunga mlango.

Jumapili hii nikamwambia lete. Akaleta. Nikakuweka mezani, juu ya mbao tupu, nikaweka kiganja juu yako, nikafumba macho.

Ulikuwepo. Hilo hakuna wa kuniambia. Ulianza kama Kigugumizi, unawaka unazima, unawaka unazima. Kisha ukaja mrefu, laini, hupandi hushuki. Nikangoja ugeuke. Nikabana kiganja mpaka mifupa ikauma, nikangoja. Nikafumbua macho nimwangalie mama yako usoni, nikamuuliza, "Anasema nini?" Lakini alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Nikasema pale kwenye simu, sema tena. Nikasema kwa sauti, labda kwa kelele, maana mama yako alishtuka. Sema tena, mwanangu. Kikapita kitu kidogo chini ya vidole. Kidole changu, mazoea tu, kikaenda pembeni ya simu kukitafuta kile kitufe chako chekundu, pale plasta ilipokuwa. Kikagusa meza. Halafu ikawa kimya kote, juu na chini ya kiganja.

Simu hiyo ni mbovu. Nilikwambia toka mwanzo.

Andika.

Baba